Meza ya Mbele

Kabla ya hafla yoyote ya kuchangisha pesa kuna karatasi moja ambayo wageni hawaioni. Ni mchoro wa meza. Miduara kumi na tano au ishirini, kila mmoja na namba yake, na majina ndani yameandikwa kwa penseli kwa sababu yatafutwa na kuandikwa upya mpaka saa kumi na moja jioni. Nani akae karibu na jukwaa. Nani asiwekwe karibu na nani, maana wana kesi kortini. Nani amelipia meza nzima, na nani amepewa kiti kwa heshima ya mvi zake tu. Ukitaka kujua makumbusho fulani yanaamini nini, achana na yale maneno matamu ya dira na maadili kwenye tovuti yao. Omba kuona hiyo karatasi.

Swali ambalo limenikaa kichwani ni hili: mtu anayenunua meza kwenye hafla ya makumbusho ananunua nini hasa? Si chakula. Kuku yule na wali ule angeupata mtaani kwa bei ya nauli ya kumfikisha pale. Si muziki, maana spika huwa zinakwaruza hadi saa mbili usiku. Anasema anachangia urithi wetu, na mara nyingi anasema kweli. Lakini kati ya kuchangia na kununua kuna mpaka mwembamba, na sisi tunaopanga hizi hafla ndio tunaishi juu yake.

Nasema sisi kwa sababu nimefanya kazi hii misimu minne. Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilipokataa kabisa kuelewana na mfuko wa mathe, na tangu hapo naandika chochote kinacholipa: maelezo ya bidhaa, hotuba za harusi, wasifu wa watu ambao hawajafanya mengi. Kwenye hafla za makumbusho mimi huandika kijitabu cha programu, kadi za majina, yale maelezo mafupi yanayobandikwa kando ya picha, halafu usiku wenyewe nasimama mlangoni na orodha. Ni kazi nzuri. Unaona mengi ukiwa umesimama mlangoni.

Kitu cha kwanza unachojifunza ni hesabu. Tuseme meza ya watu kumi inauzwa laki moja. Toa chakula. Toa hema na viti. Toa jenereta, kwa sababu stima ikipotea katikati ya hotuba ya mgeni rasmi utajua hujui. Toa MC, DJ, mpiga picha, maua, maji ya chupa. Ukibaki na nusu, mshukuru Mungu. Halafu kuna ahadi. Mtu anasimama, anataja laki tano, ukumbi mzima unapiga makofi, picha zinapigwa, na miezi mitatu inayofuata kazi ya mtu fulani ofisini ni kumpigia simu isiyoshikwa. Makofi yale hayarudishwi.

Kitu cha pili ni kwamba pesa zina macho. Zinapenda kwenda mahali zitaonekana. Ni rahisi kupata mtu wa kulipia ukumbi mpya wenye taa nzuri na kibao cha shaba mlangoni. Sasa jaribu kutafuta mtu wa kulipia dawa ya mchwa. Makumbusho hayafi kwa kukosa maonyesho; yanaliwa polepole na unyevu, na panya, na paa linalovuja juu ya masanduku ya picha za zamani, na mshahara wa mlinzi uliochelewa. Hakuna mwanadamu anayetaka jina lake liandikwe kwenye bomba la choo. Kwa hiyo unakuta jengo lina ukumbi unaong'aa mbele na chumba cha hifadhi nyuma ambacho ukifungua mlango kinanuka kama gunia la mahindi yaliyonyeshewa.

Wengi wetu tunaijua Met Gala kwa picha. Kila Mei simu zinajaa magauni, na sisi huku Rongai tunageuka majaji wa mitindo hadi usiku wa manane. Wachache hukumbuka kwamba ile ni harambee ya makumbusho. Pesa zinaenda kwa idara ya mavazi ya Metropolitan Museum of Art, New York. Ilianza mwaka wa 1948, tikiti ikiwa dola 50. Mwaka wa 2024 kiti kimoja kilifika dola 75,000, na mwaka uliofuata usiku mmoja uliingiza dola milioni 31. Na hata ukiwa na hizo dola huingii tu. Jina lako lazima lipitishwe kwanza. Kwa hivyo kinachouzwa pale si kiti. Ni kuonekana umekaa kwenye kiti. Hilo halinisumbui sana. Mtu akitaka kulipia kuonekana, na magauni ya karne zilizopita yakapata chumba chenye hewa safi, sawa tu, kila mtu amepata chake.

Linalonisumbua ni kisa kingine cha jengo hilohilo. Kulikuwa na upande mzima ulioitwa kwa jina la familia ya Sackler, uliofunguliwa mwaka wa 1978, ambamo limewekwa hekalu la Wamisri wa kale. Baadhi ya watu wa familia hiyo walikuja kuwa wenye kampuni ya Purdue Pharma, iliyotengeneza OxyContin, dawa ya maumivu iliyochangia pakubwa janga la uraibu Marekani. Machi 2018 mpiga picha Nan Goldin, ambaye mwenyewe aliwahi kuwa mraibu wa dawa hiyo, aliingia na wenzake wakatupa chupa za dawa kwenye maji yaliyo mbele ya hekalu. Mwaka uliofuata makumbusho hayo yalisema hayatapokea tena zawadi zao, na Desemba 2021 jina likaondolewa kutani. Louvre ilikuwa imeshaliondoa lake mwaka wa 2019.

Ukisoma kisa hiki haraka utasema funzo ni jepesi: usichukue pesa chafu. Mimi siliamini funzo hilo. Si kwa sababu ni baya, ila kwa sababu ukilishika kwa ukali, sisi Wakenya hatutabaki na makumbusho hata moja.

Angalia tulichonacho. Jengo la Museum Hill lilifunguliwa mwaka wa 1930 likiitwa Coryndon, jina la gavana wa kikoloni. Miaka ya arobaini Louis Leakey alitoa ombi kwa umma lipatikane la kupanua kumbi, na zilipopanuliwa baadhi zikapewa majina ya watu kama Churchill, Gandhi na Aga Khan. Hebu waza: Churchill, aliyemdharau Gandhi hadharani, anawekwa naye chini ya paa moja Nairobi kwa sababu ya michango. Hapo ndipo mchoro wa meza ulipofikia kilele chake. Baada ya uhuru jina la gavana liliondolewa, jengo likabaki, na vizazi vya watoto wa shule vimepita pale na sare zao na chupa za juisi.

Au shuka Mombasa. Fort Jesus, iliyojengwa na Wareno kati ya mwaka wa 1593 na 1596, ilikuwa jela ya Waingereza hadi 1958. Pesa za kuikarabati iwe makumbusho zilitoka Lisbon, kwa wakfu wa Calouste Gulbenkian, tajiri wa mafuta aliyeitwa Bwana Asilimia Tano kwa sababu ya fungu lake katika mafuta ya Iraq. Wakati pesa hizo zinafika, Ureno bado ilikuwa imekalia Msumbiji na Angola. Pesa ya mafuta, kutoka mji mkuu wa nchi yenye makoloni, kurekebisha ngome ya koloni la zamani zaidi. Ungekuwa wewe ndiye mwenye kuamua, ungekataa? Mimi nisingekataa. Nimetembea juu ya zile kuta jua likizama na sijawahi kutamani zingeachwa zianguke ili dhamiri ya mtu ibaki safi.

Basi tatizo si pesa imetoka wapi peke yake. Swali lenye uzito ni tunalipa nini tukishaipokea. Kila mchango una shukrani zake, na shukrani ni malipo.

Kuna makumbusho madogo nje ya Nairobi ambayo jina lake naliweka kando. Walikuwa na maonyesho ya picha na vifaa vya vibarua wa mashamba makubwa ya eneo lile, tangu enzi za mkoloni: mapanga, vikapu, vipande vya kipande, picha za safu za vibanda. Niliandika maelezo. Chini ya picha moja niliweka sentensi fupi, kutokana na kumbukumbu za wazee waliohojiwa na nyaraka ambazo makumbusho yenyewe yalinipa: ardhi hii ilichukuliwa kutoka kwa jamii zilizokuwa zikiishi hapa, bila fidia. Wiki moja kabla ya hafla, meza ya mbele ikanunuliwa na kampuni inayolima eneo hilohilo. Hakuna aliyetoka kwenye kampuni kutuomba lolote. Nataka hilo lieleweke, maana ndilo kiini cha jambo. Hakuna simu, hakuna barua, hakuna vitisho. Msimamizi wetu, tuliyemwita Madam, aliniandikia tu kwamba maelezo yamekuwa marefu kidogo, niyafupishe. Nilimuuliza ni lipi refu. Akaniambia lile la chini ya picha ya nne. Lilikuwa na maneno kumi na moja.

Sikulifupisha. Lilifupishwa na mtu mwingine, na siku ya hafla likasomeka hivi: kilimo kilipanuka kwa kasi katika miaka hiyo.

Nimekaa na vitenzi hivyo viwili tangu siku hiyo. Ilichukuliwa. Kilipanuka. Cha kwanza kinamtafuta mtu: nani alichukua? Cha pili hakimtafuti yeyote. Kilimo kinapanuka chenyewe, kama unga wa mandazi. Hakuna uongo uliosemwa. Kilimo kilipanuka kweli. Lakini laki kadhaa za meza ya mbele zilitosha kubadilisha kitenzi, na aliyelipa hakujua hata kwamba amekinunua. Hiyo ndiyo sababu siridhiki ninaposikia makumbusho yakijitetea kwamba mfadhili hakuweka sharti lolote. Mfadhili mkubwa hahitaji kuweka sharti. Sisi tunayaweka kwa niaba yake, usiku, tukiwa na penseli.

Wazee waliohojiwa walialikwa pia. Waliimba mlangoni wageni wakiingia. Meza yao ilikuwa namba kumi na nane, karibu na jenereta, na walipewa soda na nauli. Mama mmoja aliniita, "Njoo mwanangu, nisomee hapa wameandika nini." Nikamsomea. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza choo kiko upande gani. Baadaye nilimwona akitia noti ya mia mbili kwenye kisanduku cha mlangoni. MC hakuitangaza, kwa sababu kwenye programu hakukuwa na mahali pa kutangaza mia mbili.

Sasa nimpe Madam haki yake, maana si mtu mbaya na hoja yake si nyepesi. Nilipomfuata alinijibu bila hasira: "Kijana, maadili hayazibi paa." Picha zile zilikuwa zinapata madoa ya maji. Pesa za hafla ile zililipia mabati mapya, nimeyaona kwa macho yangu. Ungechagua nini, akaniuliza, sentensi kamili chini ya picha iliyooza, au sentensi ya adabu chini ya picha iliyo salama? Mtu wa miaka hamsini ijayo ataweza kuandika upya maelezo. Hataweza kupiga upya picha. Ni hoja nzito, na watu wengi wanaopiga kelele mtandaoni kuhusu wafadhili hawajawahi kuona maji yakiteremka kwenye ukuta wa chumba cha hifadhi.

Lakini hoja hiyo ina shimo. Inachukulia kwamba sentensi ile ilikuwa mali ya makumbusho, kitu cha kutoa ukitaka au kukizuia. Haikuwa yao. Lugha yetu ina neno kwa hali hii, neno la zamani ambalo nyanya zetu walilitumia kwa uzito: amana. Mtu amekuachia sanduku lake umwekee. Hujui lini atarudi. Jirani akikununulia kufuli ulilinde, mshukuru, mpikie, mtaje kwa jina mbele za watu. Huwezi kumlipa kwa kumfungulia sanduku achague anachotaka. Si kwamba ni zawadi kubwa mno. Ni kwamba huna mamlaka ya kuitoa.

Wamijikenda wanalijua hili kwa uchungu. Vigango, zile nguzo za mbao za kuwakumbuka wazee wa chama cha Gohu, hazitakiwi hata kuhamishwa zinaposimama. Kwa miongo kadhaa ziliibwa, zikauzwa kwa watalii na wenye maduka ya sanaa, zikaishia kwenye nyumba za matajiri wa Marekani, na baadhi ya matajiri hao wakazitoa zawadi kwa makumbusho ya kwao. Makumbusho ya Denver yalipata thelathini kwa njia hiyo, na baadaye yakakubali kwamba yanapaswa kuzirudisha. Kila mtu katika mlolongo ule alikuwa mkarimu. Waliotoa walitoa kwa moyo, waliopokea walishukuru kwa barua nzuri. Kasoro ilikuwa moja tu: zawadi haikuwa yao. Makumbusho yanapomfurahisha mfadhili kwa kukata sentensi ya mzee wa watu, yanarudia tendo lilelile, ila safari hii yenyewe ndiyo yanayotoa.

Haya, tukubali hivyo. Lakini kujua hivyo hakujampa Madam bati hata moja. Na hapa kuna dhuluma ambayo mifano ya New York inaificha: Met inaweza kumkataa Sackler kwa sababu nyuma yake kuna foleni ya matajiri wengine. Makumbusho madogo yana meza moja ya mbele. Ukiwaambia wafuate ujasiri wa Met unawaambia wajinyonge kwa heshima.

Kwa hivyo nimeanza kuangalia mahali pengine. Novemba 2024 Jimbo Kuu la Katoliki Nairobi lilikataa mamilioni ya shilingi ambayo Rais alikuwa ametoa na kuahidi katika parokia moja ya Soweto. Miezi michache tu baada ya ile Juni tunayoikumbuka sote, na baada ya maafisa wa serikali kupigwa marufuku na Rais mwenyewe kushiriki harambee. Wengi walisifu ujasiri wa maaskofu. Mimi nilisifu sadaka. Kanisa liliweza kusema hapana kwa sababu kila Jumapili kuna kikapu kinachopita, na ndani yake kuna hamsini ya mama mboga na elfu ya mwenye duka, na hakuna hata mmoja wao ambaye akikasirika paa litavuja. Uhuru wa kukataa haukutoka kwenye roho peke yake. Ulitoka kwenye idadi ya watoaji.

Harambee ya mwanzo, kabla wanasiasa hawajaigeuza mnada wa kura, ilikuwa na tabia moja ninayoipenda: kila jina lilisomwa. Fulani, shilingi tano. Fulani, kuku mmoja. Ilichosha, ilichukua siku nzima, watoto walilia, lakini ilifanya jambo ambalo hafla zetu za vitambaa vyeupe haziwezi. Ilifanya shule iwe na wenyewe mia tatu badala ya mmoja. Mtu mmoja akitaka kuibadilisha jina ilibidi apite kwa hao wengine.

Nikamwambia Madam haya yote, tena kwa hesabu. Watu elfu moja, kila mmoja shilingi mia mbili kwa mwezi kwa M-Pesa, ni laki mbili. Hizo zinamlipa mlinzi, zinanunua dawa ya mchwa, zinawasha mashine ya kukausha hewa, na hazihitaji maua wala DJ. Meza ya mbele ibaki, wenye kampuni wakaribishwe, wale kuku wao, lakini wakikasirika waende na mabati yabaki. Akacheka. "Hao elfu moja nitawatoa wapi? Na nani atawatumia ujumbe kila mwezi, wewe?" Ni swali la haki. Pesa ndogo ni kazi kubwa, haina picha, haina mgeni rasmi, na hakuna bodi itakayompongeza msimamizi kwa kuleta mia mbili mara elfu moja.

Nilikubali kujaribu, bila malipo, jambo ambalo si kawaida yangu. Nimeanza na kundi la WhatsApp la tuliosoma nao shule ya msingi, halafu binamu, halafu wasee wa mtaa wanaopenda historia kuliko wanavyokiri. Mpaka jana walikuwa kumi na tisa. Wawili wameshauliza lile swali ambalo kampuni haikuwahi kulazimika kuuliza: maelezo ya picha ya nne yatarudishwa lini? Nimeupeleka ujumbe kwa Madam. Ameusoma, tiki mbili za bluu, na bado sijapata jibu.